Karanga za Bwana Msa

Mwaka ule niliapa kusoma riwaya za Kiswahili bila kushurutishwa na mtihani wowote. Nikaanza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, nakala chakavu niliyoinunua kwa buku mbili kando ya barabara, Posta. Jamani, yule mzee wa Unguja alikuwa fundi! Kitabu cha 1960, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake walininyima usingizi. Mtu kauawa, rafiki yake Najum haelewi kitu, nami niko nyuma ya Najum. Fundo linakaribia kufunguliwa, nageuza ukurasa: jalada.

Nikamrudia muuza vitabu nimefura.

"Braza, hicho ni cha buku mbili. Ukitaka chenye mwisho, nenda dukani."

"Na mwisho wake uko wapi?"

"Karatasi zilikuwa zinachomoka, nikampa dogo wa karanga."

Dogo nikamkuta kituoni na sinia lake, karanga zimefungwa kwenye vikaratasi.

"Nataka za Bwana Msa."

"Hizo sina. Kuna za chumvi na zisizo na chumvi."

Nikanunua, nikakunjua. Hesabu za mtoto fulani, zote zimekoswa. Risala ya harusi. Kesho yake nikanunua tena, ndipo nikakuta ukurasa wa kitabu kweli, ila si changu: wabeba mizigo bandarini, kuna mtu anaitwa Rashidi, na mambo yanachacha. Nikasoma nimesimama mpaka daladala ikajaa ikaondoka. Muuza vitabu akautupia jicho tu: "Hiyo Kuli, ya Adam Shafi." Makuli wa Unguja na mgomo wao wa 1948! Nikakinunua kizima, safari hii nikihakiki mwisho kwanza. Kutoka hapo nikamfuata Adam Shafi hadi Kasri ya Mwinyi Fuad, ambamo Kijakazi alinichefua kwa utii wake mpaka nikamgombeza kwa sauti ndani ya daladala. Abiria wa pembeni akahama kiti.

Muuaji wangu, hata hivyo, bado alikuwa kwenye karanga. Dogo naye akashtuka kibiashara: "Za daftari mia, za kitabu mia mbili."

Nyumbani karanga zikajaa kila mfuko. Na mjini hapa kila mtu anajua mwanamume wa makamo anayebugia karanga huwa anatafuta nini. Ongeza muhogo mbichi na nazi, kesi imekwisha.

"Baba Nasra," mke wangu akaniita, "nguvu zote hizi unazipeleka wapi?"

"Namtafuta muuaji."

"Muuaji. Ndani ya karanga."

Akachukua simu, akampigia baba yake.

Mzee, mwalimu mstaafu, alifika Jumamosi na kofia yake. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Mezani mke wangu alikuwa amepanga vielelezo vyote kwenye sinia. Nikajieleza mwanzo mwisho, mzee akisikiliza huku anatafuna vielelezo.

"Bwana Msa nilimsoma ujanani," akasema. "Muuaji si ni..." Akamtaja. Hivi hivi, karanga ziko mdomoni.

Kabla sijapata nguvu ya kulia, akakunjua kikaratasi, akavaa miwani.

"Zakaria... Rosa..." Sura ikambadilika. "Hii ni Rosa Mistika ya Kezilahabi! Ilipigwa marufuku mashuleni. Mimi mwenyewe nilikuwa nawanyang'anya wanafunzi."

"Kwa hiyo hukuwahi kuisoma, baba?"

"Mwalimu atasomaje kitabu cha marufuku?"

Akasoma mpaka chini, akageuza nyuma, akamaliza. Akafungua kikaratasi kingine: hesabu. Akafungua kingine. Karanga zikawa zinaporomoka sakafuni na hakuna anayeziokota.

"Baba, tulikuwa tunazungumzia ndoa yangu," mke wangu akakumbusha.

"Subiri kwanza, mwanangu." Akanigeukia. "Huyo kijana wa karanga anafunga biashara saa ngapi?"