Eti Ulaya shamba ni lako unafanya unavyotaka? Ya huku Norwei na ya kijijini kwetu

Kila tukikaa Watanzania tulio nje na mada ya ardhi ikaingia, haipiti muda mtu ataanza, ooh wenzetu Ulaya ukinunua shamba ni lako wewe na wajukuu zako, unafanya unachotaka, serikali haikugusi, sisi kwetu ardhi yote iko chini ya Rais ndo maana hatuendelei. Nimeisikia Oslo, nimeisikia Trondheim, na nikipiga simu nyumbani vijana nao wananiambia hivyo hivyo. Mimi naishi Trøndelag, mkoa mmoja wa Norwei, huku mashambani, majirani zangu ni wakulima wa ng'ombe na shayiri, na niseme wazi, hiyo habari sio kweli, na inaniuma kwasababu tunataka kubomoa kitu kizuri tulichonacho kwa kufuata kitu ambacho hata huku hakipo.

Ngoja niwaeleze shamba la huku linavyokaa. Kwanza sehemu inayolimika kwenye nchi nzima ni kama asilimia 3 tu ya eneo lote, iliyobaki ni milima, misitu na mawe, kwahiyo serikali inalilinda shamba kama mboni ya jicho. Ukitaka kununua shamba lenye nyumba na zaidi ya dekari 35 za kulima (dekari moja ni mita za mraba elfu moja, yaani robo heka hivi), lazima upate kibali cha halmashauri, wanakiita konsesjon. Halmashauri inaangalia utalifanyia nini, utaishi pale au la, na hata bei wanaiangalia, wakiona mmepandisha bei mpaka mkulima wa kawaida hawezi kulipa wanaweza kukataa. Umesikia? Wewe una hela, muuzaji amekubali, na bado halmashauri inasema hapana.

Hata kama shamba ni la baba yako hujatoka. Mzee mmoja hapa jirani alipochoka, shamba lilienda kwa binti yake mkubwa, maana huku kuna haki ya ukoo ya kale sana wanaita odelsrett, imo mpaka kwenye Katiba yao, mtoto wa kwanza ndo mwenye nafasi ya kwanza, na tangu sheria ya 1974 haijalishi ni wa kike au wa kiume. Sasa huyu binti alikuwa na kazi yake nzuri Oslo. Sheria ikamwambia una mwaka mmoja uwe umehamia, halafu uishi hapo miaka 5, la sivyo uombe ruhusa maalum au uliachie. Akahama na watoto wake. Na kulima ni lazima, huwezi kuliacha shamba liote vichaka ukisubiri bei ipande, kama hulimi mwenyewe basi ulikodishe kwa mkulima mwingine kwa mkataba wa maandishi usiopungua miaka 10. Kukata kipande umuuzie mtu kiwanja, kibali. Kujenga nyumba za biashara juu ya shamba, kibali, na mara nyingi jibu ni hapana.

Hiyo ndo Ulaya ya uhuru tunayoambiwa.

Kwenye kodi napo kuna la kujifunza. Kodi ya majengo na ardhi huku kila halmashauri inaamua yenyewe iiweke au isiiweke, ila shamba linalolimwa kweli limesamehewa kisheria, wanaweza kutoza nyumba ya kuishi tu. Ukinunua unalipa asilimia 2.5 ya bei wakati wa kusajili jina lako. Kodi ya mirathi waliifuta 2014. Yaani wamebana kwenye matumizi, wakalegeza kwenye kodi, mtu anayelima hasumbuliwi.

Sasa turudi nyumbani. Ardhi yetu ni mali ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wote, hiyo iko kwenye Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, lakini haikuanza hapo. Mjerumani alishatangaza 1895 ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, Mwingereza akaja na sheria yake ya 1923 ambayo ndo iliweka mambo chini ya Gavana, na Mwalimu baada ya Uhuru akafuta umiliki wa moja kwa moja waliokuwa nao walowezi. Wengi wanamlaumu kwa hilo, mimi simlaumu hata kidogo. Kama ardhi ingeachwa sokoni wakati ule, leo nusu ya Njombe na Mufindi ingekuwa na wenyewe wanaoishi sijui wapi na sisi vibarua.

Na watu wanaosema kwetu mwanakijiji hana haki hawajaisoma Sheria Na. 5. Inasema haki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya serikali kuu. Haina kikomo cha miaka 33 au 66 au 99 kama zile hati za mjini, inaweza kuwa ya kudumu, unarithisha. Mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, imeandikwa. Mwanakijiji wa kawaida halipi pango la ardhi kila mwaka kwa shamba lake la kimila. Ukitaka kumhamishia mtu mwingine halmashauri ya kijiji ikubali, na huyo mtu awe raia na awe anaishi au anakuja kuishi au kufanya kazi pale kijijini, sasa hiyo ina tofauti gani na ya hapa Norwei? Kuna hata kifungu kwamba shamba likiachwa bila kutumika kwa miaka 5 bila sababu, kijiji kinaweza kulitangaza limetelekezwa. Miaka 5 kule, miaka 5 huku. Waliotunga hii sheria hawakuwa wajinga.

Kwahiyo masharti sio tatizo. Tatizo ni kwamba huku sharti lina karatasi na lina saa, kwetu sharti lina mtu.

Nitaeleza ninachomaanisha. Jirani yangu mmoja huku alipoomba kibali cha shamba, alijaza fomu ambayo mtu yeyote anaipata kwenye mtandao, akapewa barua ya kupokelewa, uamuzi ukaja kwa maandishi na sababu zake, na chini pameandikwa kama hukubali unakata rufaa kwa nani na ndani ya muda gani. Angekataliwa kesi ingepanda kwa msimamizi wa serikali ngazi ya mkoa. Hakumjua mtu, hakumpigia mtu simu, hakupeleka soda ya mtu.

Sasa kwetu kijijini. Baba alipofariki aliacha pale nyumbani heka kadhaa, nyingine za viazi na mahindi na nyingine zina misindano aliyopanda mwenyewe. Tukakubaliana kama familia kaka yangu mkubwa aombe hati ya kimila kwa jina la mama na sisi watoto wote. Mpaka wenyewe hauna utata, upande mmoja korongo, upande mwingine mstari wa milingoti ambayo babu aliipanda na kila jirani anaijua. Sheria inasema maombi yakikamilika halmashauri ya kijiji iamue ndani ya siku 90. Siku 90 zikapita, ikapita na kiangazi, ikaja mvua. Mara mwenye muhuri kasafiri, mara kikao hakikutimia akidi, mara muhtasari umeandikwa vibaya urudiwe, mara posho ya wajumbe, na hiyo posho haina risiti. Na wakati sisi tunazungushwa, upande wa pili wa korongo eneo la malisho la kijiji likawa lina mtu kutoka mjini anapanda miti, ukiuliza mkutano mkuu wa kijiji uliokubali ulikaa lini hakuna anayekumbuka kukaa. Yaani sharti lile lile lililomzuia mjane mwenye shamba lake halikumzuia mgeni mwenye hela. Mama alilia kwenye simu, mimi niko huku kwenye baridi siwezi kufanya chochote, iliniuma sana.

Halafu ile asilimia kumi. Kila aliyewahi kuuza au kununua kipande kijijini anaijua, ukiuza kijiji kinataka asilimia 10, bila hiyo muhuri haugongwi. Ingekuwa inaingia kwenye mfuko wa kijiji ikajenga zahanati nisingepiga kelele, ila uliza taarifa ya mapato na matumizi ikabandikwa ubaoni uone. Kodi rasmi haipo kwenye shamba ila kuna hii isiyo rasmi, na ukivuna ushuru wa mazao unakusubiri getini, japo nishukuru mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, ule ulikuwa uamuzi mzuri.

Nikiulizwa kodi ya ardhi ya vijijini iweje, jibu langu ni hili: mkulima mwenye heka zake chache aachwe kama alivyo, asitozwe chochote kwa kumiliki. Ila yale mashamba makubwa yenye hati, mtu ana maelfu ya heka anakaa mjini na shamba limeota miiba huku wanavijiji wanauana na wafugaji kwa kukosa nafasi, huyo alipe, alipe kweli, na asipolipa wala kuendeleza afutiwe. Serikali ilishafuta hati za mashamba pori kule Kilosa na Mvomero, naunga mkono asilimia mia, shida ni kwamba likishafutwa mgao wake unachukua muda mrefu na wakubwa wanakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Sasa nije kwenye linalotugusa sisi tulio nje moja kwa moja. Norwei tangu Januari 2020 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na kwenye kununua shamba hawakuulizi pasipoti yako ya wapi, wanakuuliza utaishi hapa? utalima? Ndo maana mimi mwenye pasipoti ya Tanzania ningeweza kuomba kibali cha shamba hapa kama Mnorwei yeyote. Kwetu ni kinyume. Swali la kwanza ni uraia, na ukichukua pasipoti nyingine wa kwetu umeupoteza, na ukishaupoteza shamba la baba yako huwezi kulimiliki kwa jina lako kama mwanzo. Lakini kampuni ya kigeni yenye mtaji inapita kwenye uwekezaji inapewa hati yake isiyo asili, yaani ruhusa ya kutumia ardhi kwa ajili ya uwekezaji, na inalima. Hapo ndo nakataa. Mtoto aliyezaliwa Njombe, kitovu chake kimezikwa pale, anakuwa mgeni kuliko kampuni iliyosajiliwa juzi? Na ukija kuuza, kodi ya faida kwa asiye mkazi ni kubwa kuliko asilimia 10 anayotozwa mkazi, sawa, hiyo naielewa, ila ya kurithi siielewi na sitaielewa.

Hii hadhi maalum iliyoingia kwenye sheria 2025 kwa wenye asili ya Tanzania ni hatua, nimeifurahia. Ila isiishie kwa watu wa viwanja vya Kigamboni na nyumba za kupangisha. Nataka iandikwe wazi kwamba mrithi wa ardhi ya kimila aliye nje anabaki mrithi, kwa sharti kama la Norwei kabisa: shamba lilimwe, na yeye au mwanafamilia au mpangaji mwenye mkataba, likikaa miaka 5 pori kijiji kilichukue wapewe vijana wanaolima. Mimi sharti hilo nitalisaini leo. Wenzangu wa nje wanaotaka heka mia mia wazifungie seng'enge wakae nazo hadi wastaafu hawatanipenda kwa hili, lakini kijiji hakiwezi kuwa benki yetu ya kuweka akiba wakati mtoto wa jirani hana pa kupanda mahindi.

Na hili la Rais kuwa mdhamini, nalo lilishazungumzwa na watu wenye akili kuliko mimi. Tume ya Profesa Shivji ya 1991 na 1992, iliyoundwa na serikali kuchunguza mambo ya ardhi, ilizunguka nchi nzima kusikiliza wananchi, ikapendekeza ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji yenyewe na nyingine chini ya tume ya ardhi ya taifa, itoke mikononi mwa watendaji. Serikali haikulichukua hilo. Kwa maoni yangu ndipo tulipokosea, kwasababu karibu asilimia 70 ya ardhi ya nchi ni ya vijiji na mkutano mkuu ndo mahali pekee ambapo mama yangu anaweza kusimama akasema huyu mtu simjui na eneo la malisho halijauzwa. Leo anasimama, anasema, na bado muhuri uko kwenye droo ya mtu mmoja.

Tunachoweza kufanya bila kusubiri Bunge ni hiki. Kama una ardhi kijijini na uko nje, acha kumtumia mtu hela ya kuharakisha, maana hiyo hela ndo inawanunua kesho dhidi yako. Maombi yapelekwe kwa maandishi, nakala moja igongwe imepokelewa na tarehe, siku 90 zikipita andika barua kwa halmashauri ya wilaya nakala baraza la ardhi. Majina ya mama na dada yawemo kwenye hati, sio ya kaka peke yake. Majirani wa mipaka wasaini wakiwa hai. Sisi ndo tulivyoanza upya mwaka huu, barua ya kupokelewa tunayo na tarehe iko juu yake, na kaka anakwenda kwenye mkutano mkuu ujao na wanafamilia wote wenye umri wa kupiga kura kuuliza habari ya lile eneo la malisho mbele ya watu wote.