Fomu siksi ni shati au tisheti? Forodha, namba za HS na hoja ya "tulipe kwa kilo"

Ukikaa Kariakoo siku hizi, haswa Mtaa wa Kongo, humalizi chai bila kusikia mtu anasema nguo mpya nazo zilipiwe kwa kilo kama mitumba, haya mambo ya namba za HS, zile forodha inazotumia kupanga kila bidhaa kwenye kundi lake, yaishe. Mitumba si ndo inavyoenda, ushuru asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, inachukuliwa iliyo kubwa, belo likipimwa umemaliza. Hoja naielewa ila siimezi yote.

Nguo za kufumwa kwa vitanzi, zile ukivuta zinanyumbuka, ziko Sura ya 61, za mtande na mshindio, nyuzi zinazokatizana, ziko 62. Hapo hamna ugomvi. Ugomvi uko ndani ya 61: tisheti ni 6109, sweta 6110, shati la kiume 6105. Sasa fomu siksi je, ile yenye kola na vifungo viwili vitatu? Mtaani ni tisheti, forodhani kola na vifungo vinaitoa 6109 inakuwa shati. Afu kuna kanuni wengi hatuijui, kama kitambaa kina wastani wa vitanzi pungufu ya 10 kwa sentimita, wima na mlalo, vikihesabiwa kwenye kipande cha angalau sentimita 10 kwa 10, basi hata kwenye mashati haikai, inahamia kwa masweta. Yaani nguo ileile, lenzi tu ndo imeamua.

Kuna jamaa yangu alileta jezi za mpira, muuzaji wa China akaandika "jersey" kwenye invoisi, na 6110 kitabuni ndo kwenye jina hilo, kwa maana ya sweta. Siku tisa anaeleza kwamba jezi ya Kibongo sio sweta, huku storeji inasoma.

Mtu atauliza, kama tangu Julai 2022 Afrika Mashariki imeweka daraja la ushuru la asilimia 35 na nguo ziko humo, namba ina kazi gani? Kazi yake ni bei. Ofisa akiitilia shaka invoisi yako anaangalia bidhaa za namba hiyohiyo zilizopita zilikuwa bei gani. Tisheti ikikubalika kwa dola 2, ushuru ni senti 70, VAT 18 juu ya jumla, inafika kama dola 1.19 kwa kipande. Ikiitwa sweta ya dola 4 inakuwa 2.37, na bado tozo nyingine. Sheria inataka waanze na bei uliyolipa kweli, sawa, lakini tuseme ukweli, invoisi zetu nyingi zinaandikwa mbili, moja ya duka moja ya bandari, kwa hiyo tusijifanye malaika.

Kilo ingeua huo mchezo. Ila angalia nani analipa. Sweta nzito ya akriliki ya bei poa anayovaa mtu wa Makete kwenye baridi ina uzito wa tisheti tatu au zaidi, wakati blauzi laini ya duka la Masaki haifiki hata robo kilo na bei yake ni mara kumi. Kwa kilo maskini wa baridi anambebea ushuru dada wa Masaki. Na viwanda vya Arusha kama Sunflag vinavyofuma hapahapa, kinga yao ingebaki kwenye vizito tu, nguo nyepesi za bei zingepita kama hewa.

Kwa hiyo mimi niko na namba, ila uamuzi uje kabla ya meli. TRA, mamlaka ya mapato, unaweza kuwaombea uamuzi wa namba mapema, unapeleka sampo na maelezo, na usiporidhika na maamuzi ya forodha sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakupa siku 30 kuomba yapitiwe upya. Mwenye kontena zima la fomu siksi aina moja hana kisingizio.

Ila wale wanaochanga kontena moja watu arobaini, kila mtu na mabegi yake, aina ishirini za nguo na nusu hajui zimefumwaje, unamwambia apeleke sampo ngapi? Hapo wa kilo wananishika, sina jibu.