Imezima Tena

Msinione macho mekundu mkadhani nimelia. Sijalia. Nimekesha naichunga kompyuta kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike. Na yenyewe kama maziwa vile vile, inangoja nigeuze shingo kidogo tu.

Inavyofanya ni hivi. Niko kwenye gemu, nimejibanza nyuma ya ukuta, adui kabakiwa na damu ya kuhesabu. Nanyanyua bunduki, giza! Skrini nyeusi tii. Kisha kinajitokeza kile kibao cha "No Signal", kinaelea toka kona hii kwenda kona ile, hakina haraka wala aibu. Huku chini feni za kadi ya grafiksi, ile inayochora picha, zinanguruma utadhani boksi lenyewe linataka kupaa. Na kinachoniua kabisa ni kwamba sauti bado ipo! Kwenye hedifoni nasikia risasi, nasikia mwenzangu wa timu anaita, "Uko wapi wewe?", halafu nasikia miguu ya adui inakuja, polepole, mpaka inasimama. Mimi ni mtu niliyeuawa kwa redio.

Ingekuwa na ratiba ningeizoea. Haina. Leo dakika 10, kesho saa tatu nzima imetulia kama maji ya mtungi, mpaka unaanza kuiamini, unakunja mguu, unapiga mluzi. Hapo ndipo inapokukata. Na ikiona mgeni inakuwa na adabu! Nilimleta rafiki yangu anayejua haya mambo, akakaa jioni nzima akicheza, haikukohoa hata mara moja. Akaniangalia kwa jicho la kuhurumia mgonjwa wa akili, akaaga. Hajafika mbali, giza.

Mama akapita akanikuta nimeshika kichwa.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Mama, inajizima yenyewe."

"Basi mwanangu, yenyewe imeshajua dawa."

Nikaona niwe mtu wa ushahidi. Nikafungua kumbukumbu za matukio ndani ya Windows, kule ambako kila kosa huandikwa kwa saa na dakika. Nikakuta mstari mwekundu, Kernel-Power, namba 41. Moyo ukanidunda, nikasema leo mwizi kapatikana. Nikasoma maelezo yake. Yanasema kompyuta imewaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Basi. Nikakaa nikayatafakari, nikagundua jambo la fedheha: aliyeizima bila utaratibu ni mimi! Skrini ikishakuwa nyeusi nafanyaje zaidi ya kubana kitufe mpaka ikate? Kumbe nimechunguza usiku kucha nikajikamata mwenyewe.

Ushauri sasa, ndiyo usiseme. Huyu anasema weka draiva mpya, ile programu inayoiongoza kadi. Yule anasema hiyo mpya ndiyo mbovu, rudisha ya zamani. Wa tatu anasema zote futa kabisa kwa DDU, programu ya kung'oa draiva na mizizi yake, ukiwa kwenye hali ya usalama (Safe Mode), ndipo uanze upya na roho safi. Nimefuta. Nimeweka. Nimerudisha. Hiyo draiva imehama na kurudi kama mtu aliyegombana na mkewe.

Wakasema joto. Nikapima, nyuzi 68, ambazo kwa kadi inayofanya kazi ni baridi tu. Hata hivyo nikafungua boksi, nikapuliza vumbi, nikapiga chafya mpaka jirani akanipa pole. Wakasema RAM, zile kumbukumbu za muda za kompyuta. Nikazichomoa zote mbili, nikasugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli kama mtoto wa shule, nikajaribu moja moja, nikaliacha MemTest86, programu ya kuzipima, likimbie hadi alfajiri. Makosa sifuri. Nilikasirika! Ni mara ya kwanza maishani nafeli kwa kukosa makosa.

Ile siku ya kurudishia vitu ndiyo sitaisahau. Nimebana kila skrubu (moja ilibaki, msiniulize ya wapi), nawasha, "No Signal" toka mwanzo, hata nembo haikuja. Jasho. Nikafungua tena, nikafunga tena. Nikaanza kuiomba msamaha kwa sauti. Dakika 40 baadaye nikainama nyuma ya boksi nikaona kebo ya skrini nimeichomeka kwenye tundu la mazabodi, ule ubao mkuu, badala ya lile la kadi. Na prosesa yangu ni ya zile zisizo na grafiksi ndani, kwa hiyo tundu lile ni pambo tu, kama mfuko wa koti ulioshonwa mdomo.

Hilo sikumwambia mtu. Ninyi ndio wa kwanza.

Kilichonichanganya zaidi ni jaribio la kuikamua kadi. Kuna programu inaitwisha mzigo wote kwa mkupuo na kuuacha hapo hapo. Nikaikamua saa nzima, ikahimili. Nikafungua gemu, nikiwa bado kwenye menyu nachagua kofia, giza. Sasa kofia ina uzito gani?

Yule rafiki yangu ndiye aliyenipigia, hata salamu hakumaliza. "Hiyo kadi inakula umeme kwa waya ngapi?"

"Moja. Ina vichwa viwili, vyote nimechomeka."

Kimya. Kile kimya cha fundi kinachokuambia wewe ndiwe ugonjwa.

Akanieleza. Kadi yangu ina matundu mawili ya pini 8, na kila tundu limepangiwa wati 150. Nyingine 75 inazipata kwenye sloti ya mazabodi. Mimi nimechukua waya moja yenye mkia pembeni kutoka pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, nikaibebesha matundu yote mawili. Mzigo ukitulia, waya inajikaza inavumilia. Lakini gemu halitulii. Kadi inaweza kuwa imesinzia, mara ikashtuka na kuvuta umeme mwingi ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ikiukosa papo hapo, inazimia. Na menyu ndiyo mbaya kuliko vita, kwa sababu pale hakuna kazi ya maana, basi kadi inachora picha mamia kwa sekunde kwa kukosa la kufanya.

"Waya ya pili ilikuja na pawa saplai," akasema. "Iko wapi?"

Ilikuwa kwenye boksi lake, ndani ya mfuko, haijafunguliwa tangu siku ya kwanza. Niliiacha kwa makusudi. Nilitaka ndani pavutie, waya zisijazane, ubavu wenyewe si wa kioo? Wiki sita nimeuawa kwa redio kwa ajili ya urembo.

Nikachomeka waya mbili, kila tundu na yake. Leo siku ya tisa haijazima. Nacheza, lakini nacheza mabega yamenipanda masikioni, na feni ikibadilisha mlio kidogo tu naachia kipanya.

Jana tuliingia mechi, watano kwa watano. Nimetokea mlangoni, adui huyo mbele yangu, kanipa mgongo, wazi, mchana kweupe. Nikakosa. Nikakosa tena. Akageuka bila haraka akaniweka chini. Skrini inang'aa, picha safi kama kioo, jina langu liko mwisho wa orodha.

"Pole ndugu yangu," sauti ya mwenzangu ikaja, imejaa huruma. "Imezima tena?"

Nikaitazama ile skrini.

"Imezima," nikasema.