Kabla ya Kulilaumu Jua, Zima Umeme wa Nyumba

Kila fahirisi ya K, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia unaoletwa na jua, inapofika 5, wanaredio wetu wa ridhaa wanarudia neno lilelile: bendi zimekufa. Redio inazimwa, maongezi yanahamia WhatsApp. Hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi bendi iko hai. Kilichokufa ni masikio ya stesheni.

Fanya hivi leo jioni. Endesha redio kwa betri ya volti 12, weka 7.100 MHz, andika S-mita (kipimo cha nguvu ya mawimbi redioni) inasoma ngapi, halafu zima swichi kuu ya umeme. Kelele ikishuka kutoka S7 hadi S4, umepata desibeli 18, yaani zaidi ya mara 60 ya nguvu, bila kununua kitu. Ili mwenzako wa wati 100 asikike vilevile juu ya kelele ile ya mwanzo, angelazimika kurusha zaidi ya wati 6,000! Sasa rudisha umeme saketi moja moja, kisha chomoa kifaa kimoja kimoja. Wa kwanza kushukiwa ni chaja za simu za bei nafuu, taa za LED na kidhibiti chaji cha sola.

Kelele isiposhuka, isikilize vizuri. Mvumo usiokatika huenda unatoka kwa jirani au kwenye nguzo ya umeme. Mpasuko wa hapa na pale ni radi, na msimu wa mvua huku kwetu hilo huliwezi. Hamia 14 MHz kwenda juu.

Kelele ya nyumba pia hupanda antenani kwa nje ya koaxi, waya unaounganisha redio na antena. Chukua pete ya feraiti (sumaku ya kuzuia kelele) ya aina 31, kipenyo cha sentimita 6, uizungushie koaxi ya RG-58 mara 10 hadi 12. Moja iwe pale koaxi inapokutana na antena, nyingine inapoingia ndani. Nawasihi mfanye hili kabla ya kufikiria amplifaya, yaani kikuza nguvu ya kurusha. Kutoka wati 100 hadi 400 ni alama moja tu ya S kwa anayekusikia, na kwako unayesikiliza haiongezi chochote.

Haya, nakubali kuna saa ngumu kweli. Mlipuko wa jua wa daraja la X, lile kali kuliko yote, ukitokea mchana, tabaka la D, la chini kabisa kati ya matabaka ya anga yenye chaji za umeme, humeza mawimbi, na masafa ya chini huumia zaidi na kuchelewa kurudi. Kwa hiyo anza kutega sikio 28 na 21 MHz. Dhoruba ya sumaku huumiza hasa njia zinazopita karibu na ncha za dunia, kama Nairobi kwenda California. Ya Afrika Kusini inaweza kubaki wazi.

Na usikisie. Kaa 14.100 MHz dakika 3: bikoni 18 za dunia, yaani stesheni za kurusha ishara za majaribio, Kenya ikiwa na 5Z4B, zimepangiwa zamu za sekunde 10. Kila moja hutuma jina lake kwa Morse, kisha mistari (milio mirefu) minne ya wati 100, 10, 1 na 0.1. Ukiusikia mstari wa wati 1 wa ZS6DN ya Afrika Kusini, shika maiki uite, njia iko wazi. Sauti ikishindwa, kuna FT8, mfumo wa kompyuta wa kubadilishana ishara dhaifu, mradi saa ya kompyuta isipishane hata kwa sekunde 1.

Kwa Nairobi na Mombasa mchana, daipoli (antena ya waya wa pande mbili) ya 7.1 MHz, mita 10 kila upande, ining'inie mita 5 hadi 8 tu kutoka ardhini. Ukiipandisha mita 20, nguvu nyingi huenda mbali, na wa kilomita 300 anaweza kukusikia kwa shida hata jua likiwa shwari.