Hamlet hakusitasita, alikosa ushahidi

Acheni kumwita Hamlet, mwanamfalme wa Denmark katika tamthilia ya Shakespeare, mtu asiyejua kuamua. Sentensi hiyo imekaririwa mno, hadi watu wanaingia ukumbini wakiwa wameshatoa hukumu kabla taa hazijazimwa. Mwigizaji Laurence Olivier aliiweka mwanzoni kabisa mwa filamu yake ya 1948, kwamba hii ni tanzia ya mtu aliyeshindwa kuamua, na tangu hapo inapokezwa kana kwamba Shakespeare ndiye aliyeiandika. Hakuiandika. Inanikera kwa sababu inafunika swali gumu kuliko yote katika tamthilia ile: mtu afanye nini akiambiwa baba yake ameuawa, na aliyemwambia ni marehemu?

Hesabu alichokuwa nacho mkononi. Baba yake, mfalme mzee, amekufa, na taarifa rasmi ni kwamba aliumwa na nyoka akiwa amelala bustanini. Mzuka wenye sura yake unaonekana kwenye ngome ya Elsinore. Wanaouona ni walinzi Barnardo na Marcellus, pamoja na Horatio, rafiki wa Hamlet, lakini hao ni mashahidi wa umbo tu. Habari yenyewe, ya sumu iliyomiminwa sikioni, Hamlet anaambiwa peke yake, pembeni, na hakuna mwingine anayeisikia. Tena mzuka unadai umetoka kwenye moto wa kutakasa dhambi, na anayeambiwa ni mwanafunzi wa Wittenberg, mji wa Luther, aliyeanzisha Uprotestanti. Waprotestanti walishaikataa toharani. Kwa mtu wa elimu hiyo, kinachozungumza kwa sura ya baba yake chaweza kuwa Shetani anayemtafutia maangamizi, na mwisho wa sehemu ya pili Hamlet anayasema hayo kwa kinywa chake.

Na ambaye mzuka unataka auawe ni Claudius, mfalme aliyechaguliwa, mwenye walinzi wa Kiswisi mlangoni, baba mdogo wa Hamlet, na sasa mume wa mama yake, Gertrude. (Kwa jamii zetu nyingi zilizozoea mjane kurithiwa na shemeji, ndoa ya Gertrude haishtui. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule ilikuwa zinaa ya maharimu, na bila kulijua hilo hasira ya Hamlet katika sehemu ya kwanza inaonekana ya kitoto.)

Sababu ya sisi kukosa subira naye iko wazi ukifuata nani anasikia nini. Claudius anaungama mara mbili. Mara ya kwanza ni mwanzoni mwa sehemu ya tatu, anaponong'ona kwamba maneno ya Polonius, mshauri wake, yamemchapa dhamiri. Mara ya pili ni katika sala yake, anapotaja waziwazi kuua ndugu. Hamlet hakusikia hata moja kati ya hayo: mara ya kwanza hayupo jukwaani, mara ya pili anaingia Claudius akiwa ameshamaliza kuungama na kupiga magoti. Sisi tunaijua hatia kwa sababu tumeambiwa, halafu tunamlaumu kijana ambaye hajaambiwa.

Ndiyo maana anatengeneza mtego. Anawaomba waigizaji wageni wacheze habari ya kuuawa kwa Gonzago, inayofanana na alichosimulia mzuka, anaongeza mistari yake 12 hadi 16, kisha anamwomba Horatio amkazie macho mfalme ili baadaye walinganishe walichoona. Mtu anayetafuta shahidi wa pili anafanya uchunguzi, na uchunguzi wenyewe ni wa makini. Lakini tazama unavyoharibika. Hamlet anatangaza kwa sauti kwamba muuaji jukwaani, Lucianus, ni mtoto wa ndugu yake mfalme. Hakusema ni mdogo wake mfalme. Kwa hiyo mfalme anaponyanyuka na kudai taa, Hamlet anaona muuaji aliyefichuliwa, ila baraza zima linaona jambo jingine kabisa: mtoto wa ndugu amemtishia mfalme kifo hadharani, na mfalme ameondoka kwa haki. Hata Horatio, akiulizwa, anajibu kwa ufupi kwamba alimtazama vizuri. Haongezi neno.

Waongozaji wanaomfanya Claudius apige ukelele, aanguke na kupindua viti wanaliua onyesho hilo. Katika maandishi anaomba taa tu. Akifanya zaidi ya hapo, jumba zima linajua, na kuanzia dakika hiyo Hamlet hana kisingizio cha kutoua.

Halafu ile sala. Ndiyo, anamkuta mfalme amepiga magoti, na upanga anao. Anaurudisha kwa sababu hataki kumpeleka peponi mtu aliyemuua baba yake, ilhali baba mwenyewe alikufa bila nafasi ya kutubu. Ni fikra ya kutisha, na simtetei kwa hilo. Ila ni sababu, imesemwa kwa maneno kamili. Isitoshe, onyesho linalofuata, chumbani kwa mama yake, anasikia sauti nyuma ya pazia zito la ukutani na kuchoma papo hapo, akidhani ni mfalme. Huyo ndiye asiyeweza kutenda? Alitenda haraka mno, na aliyekufa ni Polonius.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, na nawapa: Hamlet mwenyewe anajilaumu kwa kuchelewa. Kali kuliko zote ni hotuba anayotoa baada ya kuliona jeshi la Fortinbras, mwanamfalme wa Norway, likienda kufia kipande cha ardhi kisicho na thamani. Lakini hotuba hiyo imo katika chapa ya 1604 na 1605, na haimo katika mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa 1623. Atakayejenga tabia nzima ya mtu juu yake ajue amesimama juu ya nini. Ile tafsiri ya Freud, ya kumtamani mama, niiache hapo. Inahitaji mengi ambayo maandishi hayasemi.

Wazimu anaojitia Hamlet ndio unaochanganywa zaidi. Katika hadithi ya kale aliyoiandika mwanahistoria wa Denmark, Saxo Grammaticus, mnamo 1200, mauaji yanajulikana na kila mtu, na Amleth, ndiye Hamlet wa hadithi hiyo, anajitia wazimu ili asiuawe naye. Shakespeare aliyafanya mauaji kuwa siri, na hapo wazimu ukapoteza kazi yake ya awali. Badala ya kumficha, unamvutia majasusi. Ni ufa katika ujenzi, nakiri. Mwigizaji lakini amepewa alama ya kushika. Akiwa na Polonius, au na Rosencrantz na Guildenstern, wenzake wa zamani waliotumwa kumpeleleza, Hamlet anaongea nathari iliyovunjikavunjika. Wakishaondoka tu, anarudi kwenye mistari yenye mizani. Anayewehuka kwa sauti ileile mbele ya watu na akiwa peke yake amelitupa jambo hilo.

Kichaa wa kweli ni Ophelia, binti wa Polonius, na hana mizani ya kurudia. Baba ameuawa na Hamlet, mwanamume aliyempenda, akazikwa kimyakimya bila heshima, na kaka yuko Ufaransa. Tangu mwanzo kauli yake ni kutii. Akishawehuka anaimba nyimbo za mapenzi ambazo binti wa baraza hapaswi kuzijua, kisha anagawa mimea: rozimari ya kukumbuka, shamari, mmea mchungu wa majuto ambao kiasi anajibakizia mwenyewe, na anasema urujuani ulinyauka wote baba yake alipokufa. Chapa za kale hazisemi nani apewe kipi. Mwongozaji lazima aamue, na mmea wa majuto ukienda kwa Gertrude, hilo ni shtaka. Wanaomwachia Ophelia atupe maua hewani wanamnyang'anya shtaka lake la pekee.

Mkitaka kuona kisasi kisichosubiri, mtazameni Laertes, kaka yake Ophelia, anayelipiza kifo cha baba yao. Anarudi, anakusanya umati, anavunja milango ya kasri, anasema yuko tayari kumkata Hamlet koo hata kanisani. Hatafuti ushahidi. Kabla sehemu ya nne haijaisha ni chombo mikononi mwa Claudius, na sumu ya kupaka upanga anaileta mwenyewe.

Na Laertes huyohuyo, akifa katika shindano la upanga na Hamlet, ndiye anayetoa ushahidi ambao Hamlet hakuwahi kuupata: mbele ya baraza zima anasema mfalme ndiye mwenye lawama. Hapo Hamlet anamchoma Claudius bila kusita. Baraza linafanya nini? Linapiga kelele, "Uhaini!" Limesikia ungamo, limemwona malkia akifa kwa kikombe chenye sumu, na bado linamwona Hamlet kuwa msaliti. Ndiyo maana anamsihi Horatio abaki hai aeleze. Kelele ile hukatwa mara nyingi ili mwisho uende haraka. Msiikate.