Iraki: ndege zimerudi, mafundi je?

Mwaka 2003 wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakipekua kituo cha anga cha Al-Taqaddum, magharibi mwa Baghdad, walikuta ndege za kivita zimezikwa mchangani. Mojawapo ilikuwa MiG-25, ndege iliyowahi kuwa fahari ya Iraki. Utawala wa Saddam Hussein ulikuwa umeona heri kuzifukia kuliko kuzirusha. Miaka 12 kabla, katika vita vya Kuwait, marubani wa Iraki walikimbiza ndege zaidi ya 100 hadi Iran ili zisiteketezwe, na nyingi kati ya hizo Iran ikazishikilia.

Habari za kufa kwa jeshi la anga la Iraki, lililoanzishwa mwaka 1931, huanzia hapo: mchangani na Iran. Kwangu mimi pigo kubwa zaidi lilikuja kwa karatasi. Tarehe 23 Mei 2003, Paul Bremer, Mmarekani aliyekuwa akitawala Baghdad, alitoa Amri Namba 2 iliyovunja jeshi zima pamoja na wizara ya ulinzi. Marubani, mafundi wa injini, waongozaji wa ndege na watunza silaha wakarudishwa makwao.

Tazama Misri. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1967 Israel iliteketeza ndege za Misri zipatazo 300, nyingi zikiwa zimeegeshwa. Lakini marubani wengi walinusurika, na kikosi kikabaki kikosi. Wasovieti wakaleta ndege nyingine, Misri ikazijengea mabanda ya zege nene, na tarehe 6 Oktoba 1973 ndege zaidi ya 200 zikaondoka karibu kwa wakati mmoja kushambulia majeshi ya Israel huko Sinai. Misri ilikuwa imepoteza vyuma. Iraki ilipoteza watu waliovijua vyuma hivyo.

Basi nchi iliyobaki mikono mitupu ianze na nini? Jibu la kwanza lilikuwa kuanza kidogo kidogo. Mwaka 2005 Iraki ilipewa ndege tatu za uchukuzi aina ya C-130, tena za zamani. Zikafuata helikopta, ndege ndogo za upelelezi, na T-6 za kufundishia. Waliotetea njia hii walikuwa na sababu: adui wa wakati huo alikuwa mtu anayetega bomu barabarani, na ndege ya kasi haimwoni. Zaidi ya hayo, rubani hapatikani dukani. Kumfundisha huchukua miaka, na fundi hivyo hivyo.

Kisha ukaja Juni 2014. Mosul, mji mkubwa wa kaskazini, ukaanguka mikononi mwa IS, kundi la wapiganaji linalojiita Dola la Kiislamu. Iraki ilikuwa imeagiza ndege za kivita za Marekani aina ya F-16 zipatazo 36 tangu mwaka 2011 na 2012, lakini hakuna hata moja iliyokuwa imetua nchini. Silaha yake ya kushambulia kutoka angani, ukiacha helikopta, ilikuwa ndege chache za Cessna Caravan zilizofungwa makombora ya Hellfire. Serikali ikakimbilia Urusi, na kabla ya mwezi kwisha ndege za mashambulizi za Su-25 zilizotumika zilikuwa zimefika. Wanaotaka ndege nzito kwanza hushika tukio hilo kama ushahidi wao, na siwezi kuwapuuza. Raia wa Mosul hawakuwa na miaka kumi ya kusubiri shule ya urubani ikamilike.

Ila kuna sauti ambayo wachambuzi wa kijeshi huipita haraka, nami naona ingepaswa kusikilizwa mwanzo. Mwaka 2012 Masoud Barzani, kiongozi wa Kurdistan ya Iraki, alipinga hadharani F-16 kukabidhiwa serikali ya waziri mkuu wa Iraki wakati huo, Nouri al-Maliki. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Tarehe 16 Machi 1988 ndege za Iraki yenyewe zilimwaga sumu Halabja, mji wa Wakurdi, zikaua maelfu ya raia wa Kikurdi. Kwa aliyenusurika pale, mngurumo wa ndege kutoka Baghdad haumaanishi ulinzi. Kulijenga upya jeshi la anga bila kuamua kisheria nani anaruhusiwa kuagiza shambulio ndani ya mipaka ni kumrudishia mtu huyo hofu yake.

F-16 za kwanza zilitua kituo cha Balad Julai 2015. Zilisaidia kweli kuivunja IS, na mwaka 2018 zikavuka kuipiga hata ndani ya Syria. Lakini utunzaji wake ulitegemea mafundi wa kandarasi kutoka nje. Maroketi yalipozidi kuangukia Balad, kampuni ya Lockheed Martin ikawaondoa watu wake mwezi Mei 2021. Ndege zilibaki, ujuzi ukapanda ndege nyingine ukaondoka.

Hata zinaporuka zina mipaka yake. Marekani iliiuzia Iraki makombora ya zamani ya Sparrow kwa vita vya angani, si AMRAAM yenye uwezo zaidi. Oktoba 2024 Iraki ililalamika Umoja wa Mataifa kwamba Israel ilitumia anga yake kuishambulia Iran, na Juni 2025 ikalalamika tena. Nchi yenye F-16 ilikuwa inaandika barua.

Ndiyo maana naona mkataba uliosainiwa Septemba 2024 wa makombora ya kulinda anga yanayorushwa kutoka ardhini, ya Korea Kusini, una maana kuliko kikosi kingine cha ndege za kasi. Kombora la ulinzi halimwagi sumu juu ya mji wa raia wako, na halihitaji rubani wa miaka mingi. Linahitaji rada, na rada pia huharibika. Ningekuwa mbunge Baghdad, kabla ya kuuliza mitambo mingapi inakuja, ningeuliza Wairaki wangapi wanakwenda Korea kujifunza kuifungua, kuitengeneza na kuifunga tena, na kama siku maroketi yakianguka wao watabaki kituoni.