Shangazi na Asilimia 38

Nina blogu ya kilimo cha machungwa. Mimi mwenyewe silimi, ila nimekulia Muheza, na aliyekulia Muheza hupewa utaalamu wa machungwa hata asipouomba. Mwaka mzima matangazo ya blogu hiyo yaliniletea dola 11, na kampuni hailipi mpaka zifike 100. Kwa mwendo ule mwanangu wa darasa la pili angekuwa kidato cha tatu kabla sijashika hela.

Kosa langu ni kumlilia Shangazi.

"Kwa hiyo mtu akibonyeza tangazo, anatozwa nani?"

"Mwenye tangazo, Shangazi."

"Anayebonyeza halipi?"

"Halipi."

"Na wewe unapata?"

"Napata fungu dogo."

Akaniangalia kwa huruma. "Yaani siku zote hizi tunakuacha unateseka, baba?"

Naapa sikumwambia abonyeze. Ila sikumkataza pia, na Shangazi ni mweka hazina wa kikoba.

Jumamosi yake wajumbe 22 walikutana sebuleni kwake. Sanduku likafunguliwa kufuli zote tatu, hisa zikawekwa, kisha ikaja ajenda mpya: kila mmoja abonyeze matangazo ya mtoto wetu, asiyebonyeza faini shilingi 500. Wote walitumia waifai ya Shangazi. Wenye simu za kitochi waliazimwa ya kwake, ikazungushwa kama sahani ya kashata.

Mimi niko Tanga mjini, sina habari. Asubuhi nafungua akaunti: kurasa zimefunguliwa mara 212, matangazo yamebonyezwa mara 81. Asilimia 38! Kwa kawaida katika watu mia nilipata mmoja, tena siku ya baraka. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilijua makala yangu ya magonjwa ya majani sasa imeeleweka, nikaenda kuulizia bei ya pikipiki.

Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Hao watu wanakaa kwenye makala muda gani?"

Nikatazama. "Sekunde nne."

"Makala ya maneno elfu moja?"

"Wana haraka."

Siku ya nne barua pepe ikaingia. Mibofyo batili. Akaunti imefungwa, na hela zinarudishwa kwa wenye matangazo, pamoja na zile 11 zangu halali nilizozitolea jasho.

Hapo ndipo niliposoma masharti, kama tunavyosoma mkataba wa mkopo tukishadaiwa. Kumbe asilimia kubwa peke yake si kosa. Mtu anayetafuta pampu ya maji akikutana na tangazo la pampu, atabonyeza tu. Asilimia ikipanda ghafla inakuwa kama moshi: wanakuja kuangalia kinachoungua. Wakija wanakuta mtandao mmoja, simu moja imebonyeza mara kumi na tisa, na wabonyezaji wanaingia kwa mwenye tangazo na kutoka hata kabla ukurasa haujafunguka. Kwetu walikuta tanuru la matofali.

Nikakata rufaa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba tangazo la bango la kampuni ya simu ya Marekani, AT&T la mwaka 1994, kwenye tovuti ya HotWired, lilibonyezwa na watu 44 kati ya kila 100. Nikaandika kwa kujiamini: sisi tuna 38 tu, hata wazee wetu hatujawafikia.

Shangazi akasema rufaa bila shahidi ni porojo. Akanisomea maneno yake kwenye simu, niandike: "Mimi mweka hazina nathibitisha kuwa mibofyo yote ilifanyika mbele ya wajumbe, na imo kwenye daftari. Mjumbe mmoja aliyekataa alitozwa faini na amelipa." Akatuma na picha ya daftari: jina, idadi ya mibofyo, sahihi. Wawili walitia dole gumba.

Nikaiambatisha. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa na siku mbili sijalala.

Jibu halikuzidi mistari miwili.

Niliposhusha pumzi nikidhani yamekwisha, juzi Shangazi kanipigia. Wenzake walibonyeza tu, kumbe yeye alijaza na fomu. Tangazo la matrekta. Aliweka namba yake ya simu, na palipoulizwa ukubwa wa shamba akaandika ekari 400, eti za kwake mbili zingetutia aibu. Tangu siku hiyo kijana wa mauzo anampigia kila asubuhi, anamwita Mama Mwekezaji.

"Sasa leo kasema anakuja kuona shamba. Nimemwambia msemaji wa familia ni wewe."

"Anakuja lini, Shangazi?"

"Ameshapita Segera."